Kipandikizi cha Jino Hudumu Miaka Mingapi? Uliza Kipande kwa Kipande

Mimi ni fundi wa maabara ya meno, Kisumu. Wagonjwa wengi hawajui nipo. Daktari huchukua vipimo vya kinywa, vinaletwa kwangu, natengeneza jino, linarudi kwake, naye ndiye hupokea asante. Mambo yakiharibika njia ni ile ile, kinyumenyume: krauni iliyopasuka, skrubu iliyokatika, meno ya kuvaa yaliyolegea, vyote hutua mezani pangu ndani ya kibahasha. Kwa hiyo mengi ninayoyajua kuhusu vipandikizi vya meno nimefundishwa na vile vilivyoharibika.

Mtu akisikia kazi yangu, iwe kwenye matatu ya Maseno au kwenye meza ya harusi, huniuliza swali moja: "Hicho kitu kinakaa miaka mingapi?" Nami huuliza, kipande gani? Wengine hudhani nakwepa. Sikwepi. Kinachoitwa kipandikizi ni vipande vitatu vilivyounganishwa, na kila kimoja kina umri wake na ugonjwa wake.

Cha kwanza ni skrubu ya titani inayozamishwa ndani ya mfupa wa taya. Hiki ndicho kipandikizi chenyewe, na mara nyingi urefu wake ni kati ya milimita 8 na 13. Cha pili ni shingo, kipande kinachofungwa juu yake na kupenya ufizi. Cha tatu ni krauni, jino lenyewe linaloonekana ukicheka, la kauri au zirkonia. Shingo hushikiliwa na skrubu nyingine ndogo, yenye upana wa milimita mbili hivi, na mtu anaweza kuwa na kipandikizi miaka mingi bila kuambiwa kwamba skrubu hiyo ndogo ipo. Ndiyo inayonipa kazi kuliko zote.

Sasa umri. Tafiti zilizofuatilia wagonjwa kwa miaka 10 hukuta takriban vipandikizi 95 katika kila 100 bado viko mfupani. Krauni za juu yake zilizobaki ni pungufu kidogo, karibu 90 katika 100. Kwa hiyo ukilipa leo, panga kwamba krauni itahitaji kubadilishwa au kutengenezwa baada ya miaka 10 hadi 15, huku skrubu ya mfupani ikiendelea. Inaweza kuendelea sana. Mtu wa kwanza kuwekewa vipandikizi vya titani vya aina hii alikuwa Msweden, Gösta Larsson, mwaka 1965, mikononi mwa Per-Ingvar Brånemark. Brånemark hakuwa daktari wa meno. Alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mfupa wa sungura miaka ya 1950, akakuta chombo cha titani alichokipachika hakitoki tena, mfupa umekishika. Larsson alikufa mwaka 2006 akiwa bado anatumia vipandikizi vyake, zaidi ya miaka 40 baadaye.

Ila usiishike sana ile 95. Kipandikizi kuwa bado kinywani ni jambo moja, kuwa na afya ni jambo lingine. Tafiti hukuta pia kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya watano, baada ya miaka kadhaa, ana ugonjwa unaokula mfupa kuzunguka kipandikizi. Huyo bado anahesabiwa kwenye ile 95.

Kabla mfupa haujatobolewa

Anza na fizi. Ikiwa jino lilitoka lenyewe, likalegea taratibu, likaanza kutoa damu na harufu kisha siku moja likabaki mkononi, ujue ugonjwa uliolitoa bado uko kinywani kwenye meno yaliyosalia. Bakteria wale wale watahamia kwenye titani. Daktari akitaka kukupandikiza kabla ya kuondoa ugaga, ule uchafu mgumu unaoganda kwenye meno, na kuhakikisha fizi zimeacha kutoa damu, mwombe asubiri. Akikataa kusubiri, subiri wewe.

Kisukari peke yake hakikunyimi kipandikizi. Kisukari kisichotulia ndicho tatizo, kwa sababu kidonda hakifungi vizuri na maambukizi hupata njia. Nenda na majibu ya kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu, HbA1c. Karibu na asilimia 7 unaongea na daktari bila wasiwasi mkubwa. Ikipita 8 madaktari wengi hukurudisha kliniki ya sukari kwanza, nao hawakosei.

Sigara huongeza uwezekano wa kupoteza kipandikizi karibu mara mbili. Kama huwezi kuiacha moja kwa moja, utaratibu unaotumiwa na madaktari wengi ni kuacha angalau wiki moja kabla ya upasuaji na miezi miwili baada yake. Kuber na tumbaku nyingine za kutafuna zinakaa pale pale penye ufizi, kwa hiyo usizihesabu kuwa nafuu.

Taja dawa zako zote, hata zile unazoona hazihusu meno. Dawa za kuimarisha mifupa wanazopewa akina mama waliokoma hedhi, au zinazodungwa kwa wagonjwa wa saratani, zinaweza kufanya mfupa wa taya ukafa kidonda kikiguswa. Mionzi ya saratani ya kichwa na shingo nayo lazima isemwe. Mwenye selimundu aseme pia, maana upasuaji na maambukizi vinaweza kumletea maumivu makali. Na kwa kuwa huku kwetu swali hili huulizwa kwa sauti ya chini: anayemeza ARV vizuri na kinga yake iko juu anaweza kupandikizwa kama watu wengine. Asifiche tu.

Halafu umri. Wazazi huja na kijana wa sekondari aliyeanguka na bodaboda, jino la mbele halipo, na wanataka likae jipya kabla shule hazijafunguliwa. Taya la kijana huyo bado linakua. Jino la kweli husogea pamoja na taya. Kipandikizi kimeshikwa na mfupa, hakisogei. Miaka michache baadaye meno ya jirani yameshuka, nalo jino la kipandikizi limebaki juu, fupi, linaonekana wazi kwenye kila picha. Atengenezewe jino la kuvaa au daraja dogo, yaani jino la bandia linaloshikwa na meno ya jirani, la kubandika kwa nyuma, asubiri taya likome kukua. Kwa wasichana wengi ni mapema kidogo kuliko wavulana, na hakuna daktari makini anayekubali kabla ya miaka 18 bila sababu nzito.

Mfupa wenyewe ndio hupima nani atafaidika. Jino likishang'olewa, ukingo wa taya hupungua, na karibu nusu ya upana wake inaweza kupotea ndani ya mwaka wa kwanza. Kipandikizi cha kawaida kina upana wa milimita 4 hivi na kinahitaji angalau milimita moja ya mfupa kila upande. Kwa hiyo anayekuja mwaka huu kwa jino lililotoka mwaka huu ana safari fupi kuliko anayekuja baada ya miaka 20, ambaye huenda akaongezewa mfupa kwanza.

Hapa Nyanza kuna kundi linalonifikirisha. Wajaluo wa zamani walikuwa wakiwang'oa vijana meno sita ya mbele ya taya la chini, desturi iitwayo nak. Waliobaki na pengo hilo ni wazee sasa, na watoto wao wanaofanya kazi mjini huwaleta kuzibwa. Mzee mmoja wa Siaya aliketi kimya bintiye akieleza yote kwa daktari, kisha akasema, "Nyathina, mwanangu, nimekula samaki ngege na pengo hili tangu kabla hujazaliwa. Wewe ndiye linakusumbua." Nilikuwa pale kulinganisha rangi, na nilikubaliana naye. Pengo la nak halina ugonjwa. Mfupa wake umekaa bila meno zaidi ya nusu karne, mara nyingi umekuwa mwembamba, na kuujenga upya ni upasuaji ambao mwenyewe hakuuomba.

Mzee aliyepoteza meno yote ya chini ni habari nyingine. Meno ya kuvaa ya taya la chini huelea, husogezwa na ulimi, humfanya mtu aogope kula mbele za wageni. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walikubaliana kwamba kwa mtu kama huyo vipandikizi viwili tu sehemu ya mbele, meno ya kuvaa yakibanwa juu yake kama vishikizo, ndiyo iwe tiba ya kwanza kufikiriwa. Nami ningemshauri mama yangu hivyo badala ya kumpandia vipandikizi sita. Ujue tu kwamba ndani ya hayo meno kuna vikofia vya nailoni vinavyobana, navyo huchakaa. Vikianza kulegea, mara nyingi baada ya mwaka hivi, hubadilishwa kwa dakika chache. Usimwache mzee ale na meno yanayocheza mpaka Krismasi ndipo umlete.

Daktari, na maswali ya kumuuliza

Kwanza hakikisha ni daktari. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, lina orodha ya waliosajiliwa inayopatikana kwenye tovuti yake. Andika jina, tazama kama leseni ni ya mwaka huu. Wapo watu sokoni wanaobandika meno kwa gundi na waya, na mtu akisema naye "anapanda jino", ondoka.

Uliza kama utapigwa skani ya taya ya vipimo vitatu au eksirei bapa tu. Eksirei bapa haionyeshi unene wa mfupa. Taya la chini lina neva inayopita chini ya magego, na ikiguswa mdomo na kidevu vinaweza kufa ganzi kwa muda mrefu au moja kwa moja. Taya la juu lina uvungu wa hewa juu ya magego, na skrubu inaweza kutokezea humo. Kwa jino moja la mbele lenye mfupa mnene daktari mzoefu anaweza kuwa na sababu zake za kutotumia skani. Kwa magego ya nyuma ningetaka kuiona.

Uliza krauni itafungwa kwa skrubu au itabandikwa kwa gundi. Nitaeleza chini kwa nini napenda ya skrubu. Uliza kampuni iliyotengeneza kipandikizi, na kama vipuri vyake vinapatikana Kenya. Kampuni ni nyingi mno, na bisibisi ya moja haiingii kwenye nyingine. Mtu huenda India kwa matibabu mengine, akarudi na vipandikizi viwili vya bei nafuu, kazi nzuri tu, ila miaka mitano baadaye skrubu imelegea na hakuna anayejua ni ya nani. Tunakaa na eksirei tukilinganisha umbo la mizunguko ya skrubu yake na picha za kampuni mbalimbali. Wakati mwingine tunapata.

Na uliza: kikitoka kabla ya mwaka, nani analipa? Hii ni pesa inayoweza kumnunua ng'ombe wa gredi anayekamuliwa, na hakuna anayemnunua huyo bila kuuliza maswali.

Miezi ya kwanza

Kipandikizi kinachokufa mapema hufa kabla hakijashikwa. Mfupa unahitaji takriban miezi mitatu taya la chini, na minne hadi sita taya la juu ambalo mfupa wake ni laini zaidi. Katika muda huo maadui ni watatu.

Joto ni la daktari. Mfupa ukichemshwa kufikia nyuzijoto 47 za Selsiasi kwa dakika moja, seli zake hufa, na mfupa uliokufa haushiki kitu. Ndiyo maana utasikia maji baridi ya chumvi yakimwagika mfululizo wakati wa kutoboa na daktari akienda polepole. Usimharakishe.

Maambukizi ni yenu wawili. Kunywa dawa zote ulizopewa, sukutua kwa klorheksidini kama ulivyoelekezwa, na usikiguse kidonda kwa ulimi wala kidole.

Mtikisiko ni wako, na hapa ndipo watu hupotezea. Kipandikizi kikitikiswa zaidi ya sehemu ya kumi ya milimita, mfupa haukishiki. Mwili huzungusha ngozi laini badala yake, na ngozi hiyo haibebi chochote. Hutasikia uchungu. Utajisikia umepona kabisa ifikapo wiki ya pili, na siku hiyo ndiyo ya hatari, kwa sababu ndiyo utakayokubali kuku wa kienyeji. Kula uji, ugali laini na mboga za majani zilizoiva vizuri, maharagwe ya kupondwa, samaki aliyetolewa miiba. Tafunia upande mwingine. Ikiwa umepewa jino la muda la kuvaa na linakandamiza pale penye kidonda, usivumilie, rudi likwanguliwe. Nimekwangua mengi, ni kazi ya robo saa.

Kuhusu tangazo la "jino siku hiyo hiyo": linawezekana kwa mtu ambaye mfupa wake umeishika skrubu kwa nguvu ya kutosha, na hata hapo jino huwekwa fupi kidogo lisigongane na la upande wa pili. Daktari hupima nguvu hiyo akifunga, wengi hutaka angalau 35 kwenye kipimo chao cha Ncm. Uliza ilifika ngapi. Akikuambia haikufika, kubali kukaa na pengo.

Vile vinavyokufa baadaye

Vilivyoshikwa vizuri hufa kwa uchafu au kwa mzigo, na mara nyingi vyote viwili pamoja.

Jino la kweli limefungwa mfupani kwa nyuzi laini. Nyuzi hizo huhisi. Ukiuma jiwe kwenye wali, taya hufunguka kabla hujafikiri. Jino hilo pia huzama kidogo ukitafuna. Titani haina nyuzi wala neva, haizami, haisemi. Ndiyo sababu nikitengeneza krauni ya kipandikizi naiacha chini ya wenzake kwa upungufu mdogo sana, na daktari hupima kwa karatasi ya rangi: ukiuma polepole isiache alama, ukiuma kwa nguvu iache alama hafifu. Ikiwa siku ya kuwekewa unahisi jino jipya linagusa kwanza, sema hapo hapo. Usijiambie utazoea. Utazoea, na skrubu ndogo itaanza kulegea.

Wanaosaga meno usingizini ndio hunipa krauni nyingi zilizopasuka. Mwenyewe hajui, anayelala naye ndiye anajua. Muulize mke wako au mume wako kabla ya kwenda kwa daktari. Dawa yake ni kinga ya usiku, bamba gumu la plastiki tunalolitengeneza kwa umbo la meno yako. Livaliwe, lisiachwe kwenye droo.

Mizigo ya mchana tunaijua. Huu ni ukanda wa miwa, kutoka Muhoroni na Chemelil hadi Mumias, na hakuna anayekua huku bila kuumenya muwa kwa meno. Kwa kipandikizi cha mbele, hiyo ni nguvu ya kukipindua kwa upande, ambayo skrubu haikuundiwa. Menya kwa kisu, kata vipande vidogo, tafunia magego yako ya asili. Mahindi ya kuchoma yapukuchue kwa mkono. Nyoyo, mchanganyiko wetu wa mahindi na maharagwe, iliyopikwa kwa mahindi makavu ichemshwe mpaka mahindi yapasuke. Kufungua soda kwa meno sitakusemea kitu, wewe ni mtu mzima.

Uchafu nao huja hivi. Utando laini wa bakteria hujenga pale shingo inapoingia ufizini, ukiachwa hugeuka ugaga. Ufizi huvimba kidogo na kutoa damu ukipiga mswaki. Hatua hii hurudi nyuma yote ukisafishwa, hakuna kilichopotea. Ikiachwa, mfupa huanza kuliwa kuzunguka skrubu kama shimo, mizunguko ya skrubu hubaki wazi, bakteria hupata maskani ambamo mswaki haufiki. Mfupa huo kuurudisha ni kazi ngumu isiyo na uhakika. Katikati ya hatua hizi mbili hakuna maumivu. Usingoje maumivu. Damu ndiyo kengele.

Hapa ndipo gundi inapoingia. Krauni ikibandikwa, gundi inayozidi hujipenyeza chini ya ufizi, na ikibaki hapo inakuwa sawa na ugaga uliopelekwa makusudi. Daktari mwangalifu huisafisha yote, lakini haoni chini kabisa. Krauni ya skrubu haina gundi, na kukiwa na tatizo hufunguliwa, husafishwa, hurudishwa. Utaijua kwa kidoa kidogo cha kujaziwa katikati ya jino, kwa juu. Kwa jino la mbele mara nyingine tundu hilo lingetokezea usoni, na hapo gundi ina haki yake.

Kusafisha si kwa nguvu. Brashi laini, mara mbili kwa siku, ikilala kwa pembe pale ufizi unapokutana na jino. Kisha kile kibrashi chembamba cha katikati ya meno, kipimo alichokuchagulia daktari, kipite pande zote mbili za shingo. Ukiwa na daraja la vipandikizi, tumia uzi mnene wa meno unaopitishwa chini yake. Mswaki wa mti unaosha uso wa mbele vizuri, haufiki nyuma, kwa hiyo usiwe peke yake. Majivu, mkaa na chumvi ya mawe acha kabisa: hukwangua mng'ao wa kauri, na penye mikwaruzo uchafu hushika. Mimi huletewa krauni zilizokuwa laini zikawa kama zimepigwa msasa, halafu mtu analalamika kwamba nilimpa jino bovu.

Neno kidogo juu ya rangi, kwa watu wa Nakuru, maana nimelelewa huko na meno yangu ni ushahidi. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, na mtoto akiyanywa meno yakiwa bado yanaumbwa, hutoka na madoa ya kahawia. Madoa hayo hayamzuii mtu kupandikizwa. Ila kipimo cha rangi tunachotumia maabara, chenye rangi 16, hakina hata moja ya meno yetu. Omba picha ipigwe mchana karibu na dirisha, au uje maabara mwenyewe, tupake madoa kwa mkono. Na kama unafikiria kuyang'arisha meno yako, fanya hivyo kwanza, kwa sababu krauni haing'ariki na dawa yoyote.

Rudi kwa daktari kila miezi sita. Aliyewahi kuugua fizi arudi kila miezi mitatu au minne. Eksirei ipigwe krauni ikishawekwa, na nyingine baada ya mwaka, kwa jicho la kulinganisha. Kigezo kilichoandikwa mwaka 1986 na bado kinatajwa ni kwamba baada ya mwaka wa kwanza mfupa usipungue zaidi ya milimita 0.2 kwa mwaka. Bila ile eksirei ya mwanzo, hakuna wa kukuambia umepungua au la.

Likianza kucheza

Jino la kipandikizi likicheza, mambo ni moja kati ya mawili. Mara nyingi ni skrubu ndogo imelegea, mfupa uko sawa, na daktari atalifunga kwa spana ya kipimo akupeleke nyumbani. Mara chache ni kipandikizi chenyewe kimeachiwa na mfupa. Wewe huwezi kuzitofautisha kwa ulimi, kwa hiyo nenda wiki hiyo hiyo na uache kulitafunia. Anayeendelea kula na skrubu iliyolegea huikata, na kipande kikibaki ndani ya titani, kukitoa ni kazi ya saa nyingi na darubini, wakati mwingine kipandikizi kizima kinapotea kwa ajili yake.

Krauni ikitoka mkononi, ioshe kwa maji, itie kwenye kichupa safi, uende nayo. Usiibandike kwa gundi ya viatu. Usiitupe hata ikiwa imepasuka, maana ule mpasuko hunionyesha nguvu ilitoka upande gani. Usaha, ladha mbaya isiyoisha, au ufizi ulioshuka ukaonyesha chuma: hayo hayangoji miadi.

Ikibidi kitolewe, kitolewe mapema, mfupa ungalipo. Mahali pale pale panaweza kupandikizwa tena baada ya kupona, ingawa cha pili hufanikiwa mara chache kidogo kuliko cha kwanza, na daktari anapaswa kukuambia kwanza kilichokiua kile cha awali. Asipojua, daraja linaloshikwa na meno ya jirani ni tiba ya heshima, hasa kama meno hayo tayari yana vijazo vikubwa. Nimetengeneza madaraja yaliyopita miaka 15.

Mwisho, kadi. Siku unapowekewa, omba kibandiko kilichokuwa kwenye kisanduku cha kipandikizi: kina jina la kampuni, upana, urefu na namba ya toleo. Kibandike kwenye daftari la kliniki, ukipige picha, umtumie mtu mmoja wa nyumbani. Ukibadilisha simu, ihamishe picha hiyo pia. Ukija na tatizo siku ya soko Kibuye, daktari wako akiwa amehamia Eldoret, hicho kibandiko ndicho kitaniambia nichukue bisibisi gani.